Notisi ya Kikao cha Bodi Usiitupe

Ukinunua kondo, yaani fleti ya kumiliki mwenyewe, Oakland, au nyumba ndani ya mtaa wenye geti pembeni ya San Diego, hununui kuta na paa peke yake. Siku unayosaini hati unakuwa mwanachama wa chama cha wamiliki, kile ambacho waliotutangulia huku wanakiita HOA, na katika uanachama huo huwezi kujitoa mpaka uuze. Chama kina bodi. Bodi ndiyo inayopanga ada ya kila mwezi, inayoamua paa lizibwe mwaka huu au lingoje, inayokutoza faini ukiegesha gari pasipo pake. Ukilimbikiza deni la ada, bodi hiyo hiyo inaweza kuipeleka nyumba yako mnadani. Marekani nzima, zaidi ya watu milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya namna hii.

Wengi wetu tukishaona nguvu hizo tunafanya kile tulichozoea kufanya mbele ya wakubwa: tunalipa, tunanung'unika sebuleni, na barua pepe zenye neno "notisi" tunazifuta bila kufungua. Hapo ndipo tunapopoteza. Bodi yenye madaraka yote hayo imewekewa na sheria mlango mmoja tu wa kupitishia maamuzi yake, nao ni kikao kilichotangazwa mapema, chenye ajenda, ambacho mwanachama ana haki ya kuingia na kusema. Uamuzi uliopitia dirishani unaweza kupingwa. Lakini nani ataupinga, kama hakuna anayejua mlango uko wapi?

Naandika kwa kutumia sheria ya California, kwa sababu ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa urefu zaidi na Waswahili wanaonunua nyumba huko wanaongezeka. Inaitwa Sheria ya Davis-Stirling, ya mwaka 1985. Imepewa majina ya wanasiasa wawili: seneta Ed Davis, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa polisi wa Los Angeles, na mbunge Larry Stirling wa San Diego. Kuanzia Januari 1, 2014 vifungu vyake vilipangwa upya na kupewa namba mpya, kuanzia 4000 kwenda juu. Hilo lina maana kwako, kwani masharti ya umiliki ya majengo mengi yaliandikwa kabla ya hapo na bado yanataja namba zilizokufa. Ukikuta makaratasi yako yanataja kifungu cha 1363.05 kuhusu vikao vya wazi, usihangaike kukitafuta. Siku hizi mambo hayo yako kati ya 4900 na 4955.

Tuanze na notisi yenyewe. Kikao cha kawaida cha bodi lazima kitangazwe angalau siku 4 kabla. Kikao kitakachokuwa cha faragha peke yake, siku 2. Masharti ya chama chako yakitaka siku zaidi, zifuatwe hizo zaidi. Notisi lazima iwe na ajenda ndani yake. Karatasi inayosema tu "kikao Jumanne saa moja jioni" haijatimiza sheria. Dharura inaruhusiwa bila notisi, ila dharura ya kweli: jambo ambalo halikuweza kutarajiwa, linalohitaji hatua sasa hivi, na ambalo haliwezi kungoja muda wa notisi. Anayeweza kuitisha kikao cha namna hiyo ni mwenyekiti au wajumbe wengine wawili wa bodi. Bomba kuu likipasuka usiku, hiyo ni dharura. Mkataba wa bustani unaoisha mwezi ujao, ambao kila mtu aliujua tangu mwaka jana, si dharura hata mwenyekiti aapeje.

Kuna mtego mdogo hapa. Sheria inaruhusu notisi ya kikao kubandikwa tu mahali ambapo chama kimetangaza kuwa pa kubandikia, na mara nyingi pahali hapo ni ubao wa kando ya bwawa au chumba cha masanduku ya barua, sehemu ambayo mtu anayetoka zamu ya usiku hospitalini haangalii. Dawa yake ni barua moja. Mwandikie meneja wa chama kwamba unaomba notisi zote za jumla uletewe wewe binafsi. Ukishaomba, chama kinalazimika kukuletea. Jina lako, namba ya nyumba, anwani au barua pepe, tarehe, basi. Weka nakala.

Sasa ajenda, maana huku ndiko kwenye utamu.

Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya nyumbani, viwe vya SACCOS, vya kamati ya shule au vya harusi, anaijua ajenda ya mwisho: mengineyo. Zile za mwanzo hupita haraka, watu wanaanza kutazama saa na kungoja soda, ndipo katibu anapoibuka na jambo lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi. Gari la chama liuzwe. Fundi abadilishwe. Anayeuliza swali anaonekana anawachelewesha wenzake, na mikono inanyooshwa. Nimeona mambo makubwa yakipita kwenye mengineyo kuliko kwenye ajenda zote zilizotangulia.

California wameiua ajenda hiyo. Kifungu cha 4930 kinasema bodi isijadili wala kuamua jambo ambalo halikuwemo kwenye ajenda iliyosambazwa na notisi. Vimebaki vipenyo vichache. Bodi inaweza kuongeza jambo ikiwa wengi wa wajumbe waliopo wanakubaliana kuna dharura. Inaweza pia ikiwa theluthi mbili ya waliopo wanaona hatua inahitajika mara moja na jambo lenyewe limejitokeza baada ya notisi kutoka. Wajumbe waliohudhuria wakiwa pungufu ya theluthi mbili ya bodi nzima, basi wote waliopo wakubali. Na jambo lililokuwa kwenye ajenda ya kikao cha ndani ya siku 30 zilizopita, likaahirishwa, linaweza kuendelea. Katika hali zote hizo, kabla ya kuanza kulijadili bodi lazima ilitaje wazi mbele ya wanachama waliohudhuria.

Kwa hiyo ukiwa umekaa kwenye kikao ukasikia mwenyekiti anasema, "Na jambo la mwisho, tumepata bei nzuri ya rangi," una swali la kuuliza kwa upole kabisa: jambo hilo liko kipengele cha ngapi? Huhitaji kupandisha sauti. Swali hilo moja limewahi kusimamisha mambo mengi.

Soma ajenda kabla ya kwenda, na usitosheke na kichwa cha habari. Neno "ukarabati" linaweza kubeba dola 800 za kitasa au dola 800,000 za baraza. Mtumie meneja barua pepe siku mbili kabla: kipengele cha 5 kinahusu mkandarasi yupi, kiasi gani, na fedha zitatoka kwenye matumizi ya kawaida au mfuko wa akiba? Akikujibu, umeingia kikaoni ukiwa na taarifa. Asipojibu, una swali la kwanza la kuuliza mbele ya watu.

Na kikao ni nini hasa? Hapa bodi nyingi hujikwaa bila ubaya wowote. Kwa mujibu wa kifungu cha 4090, wajumbe wanaotosha akidi wakikutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, wakasikiliza au kujadili jambo lililo ndani ya madaraka ya bodi, hicho ni kikao. Bodi ya watu watatu ina akidi ya wawili. Wawili hao wakikutana kwenye maegesho, mmoja akasema paa linavuja na mwingine akajibu tumwite yule fundi wa mwaka jana, wamefanya kikao bila notisi, bila ajenda na bila wanachama. Mtu wa kwetu atacheka, lakini sheria ilitungwa kwa ajili ya maegesho hayo hayo, maana mambo yakishakubaliwa huko, kikao cha hadhara kinabaki kuwa mahali pa kutangazia.

Barua pepe na makundi ya ujumbe ndiyo yanayoleta ubishi zaidi siku hizi. Kifungu cha 4910 kinakataza bodi kuchukua hatua yoyote nje ya kikao, na kinakataza kikao kuendeshwa kwa mfululizo wa barua pepe. Kipenyo ni kimoja: dharura, tena wajumbe wote, si wengi wao, wakubali kwa maandishi kuendesha kikao hicho kwa njia hiyo, na ridhaa zao ziwekwe pamoja na muhtasari. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya California iliweka mpaka muhimu. Katika kesi ya chama kimoja cha eneo la San Diego, ilisema wajumbe kuandikiana barua pepe kuhusu shughuli za chama, bila kufikia uamuzi, si kikao na hakuvunji sheria. Kuzungumza kwa barua pepe kunaruhusiwa. Kupiga kura kwa barua pepe, hapana. Sioni kama mpaka huo unamsaidia sana mwanachama wa kawaida, kwa sababu watu wakishabishana kwa barua ishirini, kura ya kikaoni huwa imekwisha kupigwa vichwani. Lakini ndiyo sheria ilivyo, na anayekwenda kulalamika aende akiijua.

Je, kikao kinaweza kufanyika kwa simu na video? Ndiyo. Tangu mwaka 2024 California inaruhusu kikao cha bodi kisicho na ukumbi kabisa, kwa masharti: notisi ieleze wazi namna ya kujiunga, itoe simu na barua pepe ya mtu wa kukusaidia ukikwama, kila anayestahili kushiriki apewe pia njia ya simu ya kawaida, na kura za wajumbe zipigwe kwa kuitwa jina mmoja mmoja. Kwa wauguzi na madereva wa malori, hili ni jambo jema kuliko mengi yaliyoandikwa kwenye sheria hiyo. Unaweza kusikiliza bodi yako ukiwa kwenye mapumziko ya kazi.

Ukishaingia, una haki ya kusema. Bodi lazima imruhusu mwanachama yeyote azungumze, na inaweza kuweka kikomo cha muda kinachofaa. Nyingi huweka dakika tatu. Dakika tatu hazitoshi hata salamu za kwetu, kwa hiyo salamu zifupishe. Andika mambo mawili, si saba. Taja kipengele cha ajenda, sema unachotaka bodi ifanye, kaa chini. Unaruhusiwa kusema hata jambo lisilo kwenye ajenda, lakini bodi haiwezi kuanza kulijadili. Inaweza kukujibu kwa kifupi, kukuuliza swali la kufafanua, au kumpa meneja alifuatilie. Wenzetu wengi hutoka wakiwa wamekasirika: "Nimesema, wamenitazama tu." Wakati mwingine huko kutazama ndiko kutii sheria. Omba jambo lako liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na uombe ombi hilo liandikwe.

Neno la haraka kuhusu nani ni mwanachama. Haki hizi ni za mmiliki, yaani mtu ambaye jina lake limo kwenye hati. Mpangaji hanazo. Shemeji anayekaa chumba cha nyuma hanazo. Hata mume au mke ambaye jina lake halikuandikwa anaweza kujikuta anazuiwa mlangoni, na kwenye familia ambazo hati iliandikwa jina la yule tu aliyekuwa na historia nzuri ya mikopo, jambo hili hutokea. Liangalieni mapema.

Faragha. Bodi inaweza kuwatoa nje wanachama kwa mambo yaliyotajwa tu: kesi mahakamani, mikataba inayojadiliwa na watu wa nje, nidhamu ya mwanachama, masuala ya wafanyakazi, na mazungumzo na mwanachama aliyeomba mwenyewe kuhusu kulipa ada zake, pamoja na uamuzi wa kupiga nyumba mnada ambao nitauelezea. Bajeti haimo. Kanuni za wageni hazimo. Aibu ya mwenyekiti haimo. Na yaliyojadiliwa faraghani lazima yatajwe kwa ujumla kwenye muhtasari wa kikao cha wazi kinachofuata. Mkataba ukishasainiwa, siri yake imekwisha: ni kumbukumbu ya chama ambayo unaweza kuomba kuiona.

Ukiitwa wewe kwa nidhamu, usiache kwenda. Bodi lazima ikupe notisi angalau siku 10 kabla, ikueleze kosa unalotuhumiwa, na una haki ya kuwapo na kujitetea hata kama kikao ni cha faragha. Tangu katikati ya 2025 faini kwa kosa moja haivuki dola 100, isipokuwa kosa linalogusa afya au usalama wa watu na bodi imeeleza hivyo kwa maandishi katika kikao cha wazi. Ukirekebisha kosa kabla ya kikao, faini hailipwi. Waliokuwa wanatozwa mamia kwa ajili ya baiskeli iliyoachwa kwenye baraza watanielewa.

Sasa fedha, kwa sababu huko ndiko mambo yote haya yanakoelekea. Bodi peke yake, bila kuwauliza wanachama, inaweza kupandisha ada ya kawaida hadi asilimia 20 juu ya ya mwaka uliopita. Mchango maalumu inaweza kuutoza mradi jumla kwa mwaka isizidi asilimia 5 ya matumizi yaliyopangwa kwenye bajeti. Zaidi ya hapo, wanachama wapige kura, ila kwa dharura chache zilizotajwa. Asilimia 20 si ndogo. Ada ya dola 500 inakuwa 600, mwaka unaofuata 720, na kila hatua imepita kihalali kwenye kikao ambacho kilitangazwa kwa siku nne. Aliyekuwa kazini hakujua.

Kanuni mpya za matumizi, kama za maegesho, wanyama au kupangisha nyumba kwa muda mfupi, zina ulinzi mkubwa zaidi. Bodi lazima itangaze pendekezo angalau siku 28 kabla ya kulipitisha, na maoni yenu yasikilizwe kikaoni. Ikishapitisha, wamiliki wa asilimia 5 tu ya nyumba wanaweza, ndani ya siku 30, kudai kura ya wanachama wote kuifuta. Kwenye jengo la nyumba 100, hao ni watu watano. Watano! Mara nyingi hao hupatikana kwenye lifti moja.

Deni nalo lina taratibu zake, na ni vizuri kuzijua kabla hujazihitaji. Uamuzi wa kusajili dai juu ya nyumba ya mdaiwa unafanywa na bodi yenyewe, haukasimiwi kwa meneja wala kampuni ya kukusanya madeni, na unapigiwa kura katika kikao cha wazi. Uamuzi wa kupiga nyumba mnada unafanywa faraghani, lakini kura yake inaandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha wazi kinachofuata, nyumba ikitajwa kwa namba ya kiwanja bila jina la mwenyewe. Na mnada hauruhusiwi mpaka ada yenyewe, bila kuhesabu riba na gharama, ifike dola 1,800 au iwe imechelewa zaidi ya miezi 12. Ukipata ile barua ya kwanza ya onyo, usinyamaze kwa aibu. Ndani ya siku 15 iandikie bodi uombe kukutana nayo kuhusu kulipa kidogo kidogo. Nayo lazima ikutane nawe ndani ya siku 45, faraghani. Aibu inaweza kukugharimu nyumba.

Muhtasari wa kikao watu huuona karatasi tu. Sheria inaupa uzito: lazima upatikane kwa wanachama ndani ya siku 30 baada ya kikao, hata ukiwa rasimu. Uombe, usome, uuhifadhi. Kisa cha Surfside, Florida, kinaonyesha kwa nini. Jengo la Champlain Towers South, la ghorofa 12 na nyumba 136, liliporomoka usiku wa Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Mhandisi aliyeajiriwa na chama chao alikuwa ameandika Oktoba 2018 kwamba zege la chini ya uwanja wa bwawa lilikuwa na uharibifu mkubwa. Mwezi uliofuata bodi ilikaa, na muhtasari wa kikao hicho unaonyesha ofisa wa majengo wa mji akiwaambia kwamba jengo liko katika hali nzuri sana. Mwaka 2019 wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu katikati ya mivutano juu ya ukarabati. Hadi Aprili 2021, wamiliki walipoandikiwa barua ya kueleza mchango wa dola milioni 15, uharibifu ulikuwa umeongezeka. Chanzo cha kuporomoka ni kazi ya wahandisi kukieleza. Ninachosema mimi ni kwamba ripoti ilikuwepo, vikao vilikuwepo na muhtasari ulikuwepo, na yeyote aliyeweka viwili hivyo pamoja, ripoti na muhtasari, angeona kwamba havikubaliani.

Florida baada ya hapo ilikaza sheria zake. Huko notisi ya kikao cha kawaida cha bodi ya kondo hubandikwa saa 48 kabla, lakini kikao cha mchango maalumu au kanuni za matumizi ya nyumba kinahitaji siku 14. Mmiliki anaruhusiwa kurekodi kikao kwa sauti au video. Wenye asilimia 20 ya kura wanaweza kuilazimisha bodi ichukue jambo lao kikaoni ndani ya siku 60. Wajumbe wanaruhusiwa kuandikiana barua pepe, kura hapana. Texas, waliko wenzetu wengi wa Houston na Dallas, sheria ya vyama vya mitaa ya nyumba inataka saa 144 kwa kikao cha kawaida na 72 kwa cha ziada, notisi ikibandikwa. Ukihama jimbo, usihame na sheria ya zamani kichwani.

Na nyumbani? Kenya ina Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Tanzania ina sheria yake ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008. Zote mbili zinawafanya wenye fleti kuwa chombo kimoja cha kisheria chenye kanuni zake. Siku zilizotajwa hapo juu si za kwenu, kwa hiyo mtu wa Kileleshwa au Upanga asizibebe kama zilivyo. Achukue kanuni za chama chake aone zinasema nini juu ya notisi, akidi na muhtasari. Tabia ya kuamua mambo kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, kwa vidole gumba sita na kimya cha watu arobaini, inahitaji kuachwa kokote iliko.

Bodi ikivunja taratibu, usikimbilie wakili siku ya kwanza. Andika barua fupi: tarehe ya kikao, kilichofanyika, kifungu kilichokiukwa, unachotaka kirekebishwe. Bodi nyingi ni majirani wa kujitolea, hawalipwi hata posho, na wakionyeshwa kosa hulirudia jambo upya kwenye kikao halali. Wasiporekebisha, omba kwa maandishi kikao cha kusuluhisha ndani ya chama. California chama hakiwezi kukataa ombi hilo na hakiruhusiwi kukutoza chochote. Ikishindikana, mahakama iko, ndani ya mwaka mmoja. Mwanachama akishinda analipwa gharama za wakili, na mahakama inaweza kutoza faini ya hadi dola 500 kwa kila ukiukaji. Akishindwa, halipi gharama za chama, isipokuwa mahakama ione kesi yake ilikuwa ya upuuzi. Mizani hiyo imeelemezwa upande wako makusudi. Ila ujue kwamba sheria haisemi uamuzi mbovu unakufa wenyewe. Mpaka mahakama iseme au bodi irudie, ada mpya endelea kuilipa huku ukipinga.

Baada ya yote hayo, njia fupi kuliko zote ni kukaa upande wa pili wa meza. Vyama vingi hukosa wagombea, viti vinajazwa na watu wale wale miaka nenda rudi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Ukichaguliwa, utabanwa na kila nilichokieleza: usiamue kwa ujumbe wa simu, usijadili paa kwenye maegesho, usiwafungie wanachama mlango kwa jambo lisilo la faragha. California mwanachama anaweza kujipendekeza mwenyewe, na kura ni ya siri. Notisi ya uchaguzi wa chama chako ikija, ifungue, angalia mwisho wa kupokea majina, na uandike lako.